Samaki wa maji chumvi aliye peke yake akitaga: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Unawasha taa ya akwariamu asubuhi, unakuta ubavuni mwa jiwe kuna kiraka cha rangi ya chungwa, na samaki wako wa pekee amesimama mbele yake akipepea mapezi. Hakuna dume humo, wala hajawahi kuwapo. Watu wa nyumbani wanauliza mimba kaipata wapi, na wewe una wasiwasi kwamba labda anaumwa.

Haumwi. Jike aliyekomaa, anayekula vizuri, kwenye maji yenye joto na mwanga wa kutosha, mayai yanamwiva tumboni dume awepo asiwepo, na yakishaiva hutoka. Ni kama kuku wa mayai wa kisasa anayetaga bandani bila jogoo. Kwa hiyo usikimbilie dawa. Linda maji na linda nguvu za huyo mama. Na huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Mbeya, pamoja na Makambako na Njombe, kazi hiyo ina mambo ambayo mfugaji wa Dar es Salaam hakutani nayo: baridi ya Juni hadi Agosti, hewa nyepesi ya mlimani, na usiku wa umeme kukatika maji yakiwa yanapoa kwa kasi.

Hatua ya kwanza: usiguse, piga picha

Usihamishe jiwe, usisugue kioo, usibadilishe maji siku hiyo kwa sababu ya hofu. Samaki anayelinda mayai huwa mkali, na mkono ukiingia karibu naye unamchosha bure. Zima taa ya chumbani ili kioo kisiakisi, kisha mtu akumulikie kwa tochi ya simu kutoka ubavuni wakati wewe unapiga picha kwa karibu. Andika tarehe na saa kwenye daftari. Rudia picha hiyo kila siku, saa ile ile. Rangi ya mayai ikibadilika siku hadi siku, ndiyo itakayokuambia karibu kila unachotaka kujua, na jicho peke yake husahau jana yalikuwaje.

Hatua ya pili: hakikisha ni mayai ya samaki

Mawe na mchanga wa baharini huja na wageni, na wengi hutaga au hujenga vitu vinavyofanana na mayai. Vidoto vyeupe vigumu vilivyotawanyika kwenye kioo, ambavyo havitoki hata ukikwangua kwa ukucha, ni mayai ya konokono. Utepe laini uliojikunja kwa mzunguko, au kibonge cha utelezi, ni wa konokono au wa jamaa zake wasio na gamba. Vikombe vidogo vyeupe vilivyojiviringisha, vigumu kama chokaa, si mayai kabisa. Ni nyumba za minyoo midogo ya baharini isiyo na madhara.

Mayai ya samaki anayetaga juu ya jiwe yanakaa yamesongamana kwenye eneo moja lililosafishwa. Ya samaki klauni (samaki mdogo wa baharini mwenye mikanda au mistari meupe) ni marefu kidogo kama vidonge, yana urefu wa milimita 2 au zaidi kidogo, na kila moja limeshikamana na jiwe kwa ncha moja tu, kwa hiyo maji yakipita yote huyumba pamoja. Ukiona hivyo, na samaki wako hatoki hapo, huna haja ya ushahidi mwingine.

Hatua ya tatu: mjue uliye naye

Klauni ndiye anayewashangaza watu kuliko wote, kwa sababu wengi walinunua mmoja wakaambiwa ni dume. Inawezekana muuzaji hakudanganya. Klauni huzaliwa bila kuwa jike, na katika kundi lao mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata kwa ukubwa ni dume, wadogo wanasubiri. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike na mmoja wa wadogo hupanda cheo. Sasa aliye peke yake hana wa kumzidi, kwa hiyo baada ya muda anageuka jike, na kugeuka huko hakuna kurudi nyuma. Akishapita mwaka mmoja na zaidi, analishwa vizuri, siku moja anataga. Tangu hapo anaweza kurudia kila baada ya wiki mbili hivi.

Dalili hutangulia, ila watu hawazisomi. Siku chache kabla, anauma na kusugua sehemu moja ya jiwe mpaka inang'aa. Tumbo linajaa. Karibu na saa ya kutaga, kijimrija kifupi cheupe hujitokeza chini ya tumbo, mbele ya pezi la chini lililo karibu na mkia. Halafu anapita juu ya jiwe taratibu, tumbo likigusa, akipanga mayai mstari kwa mstari.

Samaki klauni wanaouzwa madukani mara nyingi ni wa spishi ya Amphiprion ocellaris, asili yake ni bahari za Asia ya Kusini-Mashariki, na wengi wamezalishwa mashambani. Pwani yetu nayo ina wake: Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi, mwenye mikanda miwili meupe. Tabia ni ile ile.

Wengine kwa ufupi. Gobi na samaki wadogo wa jamii ya damseli hutaga juu ya jiwe, ndani ya kombe au chini ya kigae kama klauni. Farasi wa baharini jike asiye na dume huyaangusha mayai yake chini, kwa kuwa anayetakiwa kuyabeba ni dume. Samaki malaika wadogo hutoa mayai yanayoelea, jioni taa zikizimwa, na huenda usiyaone kamwe kwa sababu skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu) na chujio huyachukua usiku huo huo.

Jambo hili si geni kwa ndugu zetu wa Kyela na Matema. Mbuna jike wa Ziwa Nyasa akiwekwa peke yake naye huweza kutaga na kuyabeba mayai mdomoni kwa siku kadhaa, kisha anayameza. Maji yale ni baridi, haya ni chumvi, mwili unafanya kazi ile ile.

Je, yataanguliwa?

Hapana. Klauni, gobi na damseli hurutubisha mayai nje ya mwili: jike anataga, dume anapita juu yake akimwaga mbegu palepale. Jike hana mahali pa kuweka mbegu za zamani, na ingawa klauni hubadili jinsia, hawi jike na dume kwa wakati mmoja, hivyo hawezi kujirutubishia. Wapo samaki wachache duniani wanaokwenda kinyume. Papa wa jamii ya Stegostoma katika akwariamu ya Townsville, Australia, aliyekuwa ametenganishwa na dume, alitaga mayai yakaangua mwaka 2016. Lakini huyo ni papa. Kwa samaki wako wa gramu chache, usimpe mtoto wako matumaini hayo.

Picha zako zitathibitisha. Mayai yasiyo na mbegu hubaki ya chungwa siku ya kwanza, halafu ndani ya siku moja au mbili yanaanza kuwa meupe na kupoteza ung'avu, mengine yanaota utando kama pamba. Yenye mbegu huenda njia nyingine: yanakuwa kahawia, kisha macho madogo ya rangi ya fedha yanaonekana ndani. Ukiona macho, basi kuna dume humo ndani, hata kama ulidhani hayupo.

Hatua ya nne: maji, na hapa usifanye haraka

Mayai yanayooza ni nyama inayooza. Kwenye tangi la lita 200 lenye mawe ya kutosha na bakteria waliokomaa, hutaona tofauti. Kwenye tangi la lita 40 au 60, ambayo ndiyo saizi ya wengi wetu, amonia, yaani sumu itokanayo na uozo, inaweza kupanda. Pima siku ya pili na ya tatu. Amonia inatakiwa isomeke sifuri. Rangi ikibadilika hata kidogo kwenye kipimo, badilisha asilimia 15 ya maji.

Maji ya kubadilishia yaandae jana yake. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo yakipulizwa hewa usiku mzima ili klorini itoke. Ukitumia ya mvua, usikinge kutoka kwenye bati la kawaida: zinki inayotoka kwenye bati inaua kamba na konokono wa tangini. Tumia chumvi ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, na haidromita (kipimo cha ukolevu wa chumvi majini) isome 1.025. Chumvi ya mezani au ya mawe haifai, kwa kuwa haina magnesiamu, kalsiamu na vingine kwa kiwango kinachotakiwa. Chovya hita kwenye ndoo mpaka joto lilingane na la tangi. Maji ya bomba ya Julai, Mbeya au Makete, ukiyamwaga jinsi yalivyo, unampiga mama yule kwa baridi wakati ambao mwili wake umechoka.

Sasa suala la hewa, ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani havilitaji. Mbeya mjini tupo karibu mita 1,700 juu ya bahari, Njombe ni juu zaidi. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu ya ule wa pwani kwa takriban asilimia 18, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya bahari yenye nyuzi 26 yakiwa pwani hubeba kama miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita. Hapa kwetu yanabeba kama 5.4. Yaani tangi lako, hata likiwa safi kabisa, linaanza safari likiwa na akiba ndogo. Ongeza humo mama aliyetoka kutaga, bakteria wanaotafuna mayai yaliyoharibika, na usiku ambao mwani hautoi oksijeni. Akipumua kwa kasi au akikaa karibu na uso wa maji, usitafute ugonjwa kwanza. Elekeza pampu ya mzunguko juu mpaka uso wa maji utikisike tangi zima, na ongeza jiwe la hewa.

Na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba kile kile. Msimu wa baridi wengi wetu tunaingiza jiko la mkaa sebuleni na kufunga madirisha. Kabonidayoksaidi ya jiko inaingia majini, pH inashuka kutoka 8.2 kwenda chini ya 7.8, samaki wanahema. Jiko hilo hilo linatoa gesi inayoua watu usingizini. Litoe nje kwa ajili yenu kabla ya samaki.

Kuhusu joto: klauni anataka nyuzi 25 hadi 27. Chumba chenye nyuzi 12 alfajiri kinahitaji hita ya wati 150 hadi 200 kwa tangi la lita 100, na ni bora ziwe mbili ndogo kuliko moja kubwa. Moja ikigoma kuzima haitawapika. Ikifa, nyingine itashikilia. Funika nyuma na pembeni kwa vipande vya godoro la sponji. Umeme ukikatika usiku, usilishe, zungushia blanketi, washa pampu ndogo ya betri, na weka chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri zielee tangini, ukibadilisha moja baada ya nyingine. Joto likishuka hadi 22 kwa usiku mmoja atavumilia. Kulipandisha ghafla ndiko kunakomuumiza. Jaza maji yaliyopotea kwa mvuke kwa maji yasiyo na chumvi, maana kiangazi cha Iringa, kwa upepo wake mkavu, kinakausha tangi lisilofunikwa upesi na chumvi inabaki ikikolea.

Hatua ya tano: mayai yaachwe au yaondolewe?

Yaache. Mara nyingi mama mwenyewe huyala ndani ya siku mbili au tatu, na hiyo si roho mbaya: anarudisha mwilini protini na mafuta aliyoyatumia. Kumnyang'anya mayai mabichi kunamfanya atafute mahali pengine.

Yaondoe iwapo yamekaa zaidi ya siku tatu, yameota utando mweupe, na yeye ameyaacha. Tumia mpira mwembamba wa pampu ya hewa, vuta kwa mnyonyo hadi kwenye ndoo iliyo chini, ukikwangua taratibu kwa ncha ya mpira. Maji yaliyotoka usiyarudishe. Usimwage dawa ya fangasi kwenye tangi zima: dawa nyingi zina shaba au rangi zinazoua kamba, konokono na matumbawe, na bakteria wako nao wanaweza kuumia.

Hatua ya sita: mlishe aliyetaga

Kutengeneza mayai mia au zaidi kila wiki mbili kunamkamua. Mpe milo midogo miwili au mitatu kwa siku, kila mlo uishe ndani ya dakika mbili. Uduvi mkavu kutoka pwani unapatikana kwa wauza dagaa sokoni. Chagua usiotiwa chumvi, osha mchanga utoke, loweka, saga kidogo. Kamba na ngisi wa kugandishwa, waliokatwa vipande vidogo kama punje za mchele, ni bora zaidi. Usipa wa Nyasa anafaa mara mojamoja, lakini asiwe chakula cha kila siku, kwa sababu mafuta ya samaki wa maji baridi si yale ambayo samaki wa bahari anayahitaji. Changanya na chembechembe za dukani ili vitamini zisipungue.

Akikonda kichwani na mgongoni ilhali anaendelea kutaga, mpunguzie hamu. Shusha saa za taa kutoka 12 hadi 8 au 9, joto liwe 25, na punguza mlo mmoja. Baada ya wiki kadhaa kutaga hupungua au husimama. Usifanye hivyo kwa samaki aliyenenepa vizuri. Mwache na maisha yake.

Tumbo limejaa lakini hatagi

Hapa ndipo pa kuogopa kwa kiasi. Jike mwenye mayai tumbo lake limejaa pande zote mbili sawasawa, magamba yamelala, anakula na kuogelea kama kawaida. Akiacha kutaga, mwili unaweza kuyanyonya mayai yale bila shida. Lakini magamba yakisimama ukimwangalia kutoka juu, macho yakitoka nje, akakataa chakula na kujificha, hayo si mayai. Viungo vya ndani vimeshindwa kutoa maji mwilini. Mtenge, shikilia joto na maji safi, umwone mtaalamu wa mifugo aliyewahi kushika samaki. Tumbo lililovimba upande mmoja tu huenda lina uvimbe wa ndani. Usiminye tumbo la samaki kwa vidole kwa hali yoyote. Wapo wanaoshauri hivyo, na samaki anapasuka ndani.

Ukitaka kumtafutia mwenza

Si lazima, na kwa tangi la chini ya lita 80 nisingefanya. Ukiamua, tafuta klauni mdogo wa spishi ile ile, nusu ya ukubwa wa jike au chini ya hapo. Akiwa mdogo bado hajageuka, atakuwa dume. Ukileta mkubwa mwenzake, mmoja anaweza kufa.

Safari yenyewe kutoka Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, na mfuko wa samaki unapanda kutoka usawa wa bahari. Mwambie muuzaji asijaze hewa mpaka mfuko ukakamae. Hewa ile ile, basi likishapita Kitonga na kufika juu, inatanuka kwa zaidi ya moja ya tano, na mfuko uliokakamaa hupasuka. Mfuko mara mbili, ndani ya boksi lenye sponji, samaki asiwe ameshiba, na boksi lisikae kwenye buti la chini upande wa injini wala dirishani kwenye baridi ya Makambako.

Muulize muuzaji kiwango chake cha chumvi mapema, ukalinganishe tangi la kupokelea. Samaki aliyekaa mfukoni siku nzima usimtiririshie maji kwa saa nyingi: ukifungua mfuko kabonidayoksaidi inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokusanyika inageuka sumu kali. Acha mfuko uliofungwa uelee tangini dakika 20 joto lilingane, fungua, mhamishe kwa kikombe, maji ya mfuko yamwage.

Usimwachie jike mara moja. Weka kizuizi cha plastiki chenye matundu, waonane wiki moja hadi mbili. Mdogo akitetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa, anakubali kuwa chini yake. Ondoa kizuizi jioni, taa zikiwa karibu kuzimwa, na kaa ukiangalia. Kufukuzana kidogo ni kawaida. Mapezi yakichanika, rudisha kizuizi.

Wape pa kutagia. Chungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi, kama vile vinavyofinyangwa na akinamama wa Kikisi wa Ikombe ng'ambo ya Matema, kinawafaa mno: kiloweke maji siku kadhaa ukiyabadilisha, kisha kilaze ubavu karibu na pale jike alipozoea. Matumbawe ya baharini usiyavunje wala usiagize yaliyovunjwa. Chungu kina faida nyingine, kwamba kinatoka na mayai yake ukitaka kuyaangulia pembeni. Yenye mbegu huanguliwa siku ya 6 hadi ya 10 kutegemea joto, usiku, muda mfupi baada ya giza, na vifaranga wanahitaji rotifa hai (vijidudu vidogo sana vya majini) tangu saa za kwanza. Anza kufuga rotifa kabla ya kuleta dume.